Virgili ndani ya shairi: ni ya sarufi ao ni ya pumzi?

Ndugu wasomaji, tunapoandika juu ya mila zetu, kwa kawaida tunachukua mambo makubwa: ndoa, matanga, mavuno, majina ya watoto. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kitu kidogo sana, ambacho ukikitazama kwenye karatasi unaweza kufikiri ni uchafu wa stilo. Ni virgili, ile alama ambayo majirani zetu wa Tanzania wanaiita mkato ao koma. Na zaidi, virgili ndani ya shairi. Najua mtu atauliza: hiyo inahusu nini mila yetu? Anisomee mpaka mwisho, kisha ahukumu mwenyewe.

Naanza na kosa langu. Ilikuwa mwaka wa shule 2021-2022. Wote tunakumbuka kwamba tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi usiku, Nyiragongo ilitapika moto. Lava ilikata barabara ya Goma-Rutshuru, ikashuka mpaka karibu na uwanja wa ndege. Halafu tarehe 27 Mei amri ikatoka watu waondoke katika sehemu kubwa ya mji wa Goma, na barabara ya Sake ikajaa watu, magari, pikipiki na chukudu. Sisi wa Kibati kufunga mizigo tumekuzoea: 2002 ilikuwa moto, 2008 ilikuwa vita na makambi, 2021 ni moto tena. Lakini mtoto hazoei. Ndiyo maana masomo yalipoanza upya niliwaambia wanafunzi wangu wa humanité waandike shairi kwa Kiswahili juu ya siku zile. Wakati huo kulikuwa na siku ya utamaduni iliyotayarishwa, na kila darasa lilipaswa kutoa shairi moja.

Binti mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, aliandika beti chache. Familia yake ilikuwa imekimbilia kwa ndugu mjini, na kutoka pale wakatoka tena kwenda Sake. Njiani akapotezana na mama yake kwa siku nne. Ubeti wake mmoja ulikuwa hivi:

Mama yetu alibeba, mtoto pia mzigo,
Njia nzima hakushiba, ila maji na muhogo,
Wenye gari waliziba, barabara si kidogo,
Nikamwita mara saba, akapita bila zogo.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Diploma yangu ya ISP ni ya kazi hiyo, na kwa miaka mingi mkono wangu umezoea kalamu nyekundu. Nilipoona «alibeba, mtoto», sikufikiri hata kidogo. Sheria inasema kitenzi hakitengwi na kitu kinachotendewa kwa virgili. Huwezi kuandika «mama alibeba, mtoto» kama vile huwezi kuandika «nilikula, ugali». Nikafuta. Chini kidogo, «waliziba, barabara»: nikafuta tena. Pembeni nikaandika: «Virgili mbaya. Angalia sarufi.»

Mwisho wa saa binti akabaki nyuma. Alishika kaye yake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, ulifuta virgili yangu. Ile njo mahali napumuzikaka.»

Nikamwambia asome vile nilivyosahihisha. Akasoma mbio mbio, na kabla ya kufika mwisho wa mstari wa pili pumzi ikamwishia, maneno yakakanyagana. Nikamwambia sasa asome vile alivyoandika. Akasimama vizuri. Akasema «Mama yetu alibeba», akanyamaza kidogo, halafu ndiyo akasema «mtoto pia mzigo». Nikamuuliza kwa nini anasimama pale. Akajibu: «Nikisema alibeba, namuona yeye kwanza. Kisha njo naona mutoto.»

Sikuwa na jibu. Nilichukua kaye, nikarudisha virgili zake kwa stilo ya bluu. Usiku ule nililala vibaya, nikijiuliza ni virgili ngapi za namna hiyo nimezifuta tangu nianze kufundisha, na ni watoto wangapi hawakubaki nyuma kuniambia.

Tuangalie basi virgili ni nini. Jina tulilopewa na Kifaransa linatoka Kilatini, virgula, maana yake kijiti ao fimbo ndogo. Walimu wengi, na mimi kati yao, tumeitumia kweli kama fimbo. Jina lingine, koma, linatoka kwa Wagiriki wa zamani: komma kwao ilikuwa kipande kilichokatwa. Na waliosema «mkato» kwa Kiswahili wamefika mahali pale pale, kwa kuwa mkato unatoka katika kukata. Katika vitabu vya sarufi vya Kenya utakuta tena jina la tatu, kipumuo, yaani kitu cha kupumulia. Nilipoliona neno hilo mara ya kwanza nilimkumbuka binti yangu wa darasa. Yeye hakusoma kitabu cha Kenya, lakini alikuwa amesema jambo lile lile.

Na historia inamuunga mkono. Karibu miaka 200 kabla ya Kristo, kule Alexandria katika Misri, alikuwako mtunza maktaba aliyeitwa Aristophanes wa Byzantium. Wakati ule Wagiriki waliandika maneno yote yakiwa yameshikana bila nafasi, na msomaji alisoma kwa sauti. Huyu mzee akaweka vidoto kwa urefu tatu tofauti: cha chini, cha katikati na cha juu, kumwonyesha msomaji asimame kidogo, wastani, ao muda mrefu. Umbo la virgili tunalolijua leo lilienea baadaye sana, kutokana na wachapaji wa vitabu kama Aldus Manutius wa Venice, mwishoni mwa karne ya 15. Maana yake ni kwamba alama hizi zilianza kwa ajili ya sauti na pumzi, na wanasarufi wakazichukua nyuma yake. Sisi walimu tunafundisha kana kwamba sarufi ndiyo mzazi, kumbe ni mtoto.

Sasa tuingie katika shairi la Kiswahili lenyewe. Sisi wa Kongo Kiswahili tunakisema kutoka asubuhi mpaka usiku, lakini sheria za mashairi yake hatukuzisoma mingi. Shuleni tulikariri mashairi ya Kifaransa. Mimi nilizipata nikiwa mtu mzima, wakati ndugu mmoja aliniletea kutoka Kigoma fotokopi ya kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Huyu Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ng'ambo tu ya ziwa Tanganyika. Alikuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafa mwaka 1964 akiwa bado kijana.

Kwa kifupi, shairi la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti. Kila mstari, ao mshororo, una mizani 16, yaani silabi 16. Mshororo huo unakatwa katikati: mizani nane huku, mizani nane kule. Kila kipande kinaishia kwa sauti yake, ndiyo kina. Tena angalia ubeti wa binti yule: alibeba, hakushiba, waliziba, saba; halafu mzigo, muhogo, kidogo, zogo. Uhesabu silabi utakuta nane nane kila mahali. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu. Aliniambia alifuata namna nyimbo zinavyokwenda kanisani.

Katika vitabu vilivyochapwa, mahali pale pa kukata mshororo ndipo panapowekwa virgili. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa Kifaransa anapaswa kulimeza polepole: virgili ile inawekwa hata kama sarufi haiitaki. Inaweza kutenga kitenzi na kitu chake, ao mwenye kutenda na tendo lake. Inamwambia mwimbaji: umefika nusu ya kilima, vuta pumzi.

Nasema kilima kwa sababu tunakijua. Wakati wageni walikuwa wanakuja kupanda Nyiragongo, walianzia hapa kwetu Kibati, na wale waliowapeleka walikuwa na mahali pa kusimama panapojulikana. Hawakungoja miguu ya mgeni iseme imechoka. Walisimama pale pale kila mara, mgeni mwenye nguvu na asiye na nguvu, na hiyo ndiyo iliwafikisha wote juu. Shairi lenye mizani lina desturi ya namna hiyo.

Lakini tusidhani kwamba hii virgili ilizaliwa pamoja na shairi. Mashairi ya pwani ni ya zamani kuliko vitabu hivi vyetu. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na wakati huo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mle hamkuwa na virgili yetu. Waandishi walikuwa na alama zao ndogo za kutenga kipande na kipande. Msomaji, ambaye kwa kweli alikuwa mwimbaji, alijua la kufanya.

Fikirieni tena Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye alikufa mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki katika vichwa vya watu. Baadaye Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, akayakusanya pamoja na mmisionari William Taylor, na kitabu kikachapwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa hiyo alama unazoziona katika kitabu ziliwekwa na mikono mingine. Bahati nzuri ni kwamba mikono ile ilikuwa na watu karibu ambao bado walijua kuyasema mashairi yale. Bila watu hao, angebaki Muyaka wa maneno tu. Jambo hili nitalirudilia, kwa sababu ndilo linalonisumbua.

Wengine watasema: hayo ni ya pwani, ni mbali na sisi. Si mbali. Wakatoliki wafungue kitabu cha zaburi. Katikati ya mstari kuna kinyota. Kinyota kile si cha sarufi. Ni cha kuonyesha mahali ambapo waimbaji wote wanasimama pamoja kabla ya kumaliza mstari. Asiyekijua anaendelea peke yake, na kanisa zima linamsikia. Ndugu zetu Waislamu nao wana alama ndogo ndani ya Kurani zinazomwambia msomaji hapa simama, hapa usisimame. Nyumba zote za sala zilishaelewa kwamba pumzi ya msomaji si jambo la kuachia bahati.

Hata Kifaransa chenyewe, tukikisoma vizuri, hakitupingi. Mstari wao mkubwa, aleksandri, una silabi 12, nao unakatwa katikati, sita kwa sita. Mahali pale wanapaita sezura. Tofauti ni kwamba wao hawaweki alama pale. Virgili wanaiachia sarufi, na sezura inabaki katika sikio la msomaji. Waswahili wameiweka kwenye karatasi wazi. Mimi nilifundisha sezura miaka mingi ubaoni, na nilipoiona katika kaye ya mtoto kwa Kiswahili nikaifuta. Ndiyo hasara ya kusoma lugha moja kwa macho ya lugha nyingine.

Nilipolieleza jambo hili mbele ya walimu wenzangu, mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alinikatalia. Alisema: «Ukiruhusu virgili ya namna hiyo, kwenye egzame deta watoto wataanguka. Mtihani hauulizi pumzi.» Neno lake lina uzito. Mzazi analipa pesa ya shule ili mtoto apate diploma, hamtumi kuja kupumua. Basi nimechukua njia hii: katika disertasio na barua, virgili ni ya sarufi, na nakata bila huruma. Katika shairi lenye mizani, virgili ni ya sauti, na namwambia mtoto asome mbele yangu kwanza kabla sijashika kalamu. Wanafunzi hawachanganyikiwi kama tulivyoogopa. Kijana anayejua kwamba kuna mavazi ya kanisani na mavazi ya shamba anaweza kujua na hili.

Wala sisemi kwamba kila virgili ya mtoto ni takatifu. Wako wanaozimwaga kama chumvi. Mwingine alikuwa amekata neno moja katikati ili apate silabi zake nane. Hiyo ni kushindwa kutunga. Fundi wa kweli anapanga maneno hata pumzi na maana zikutane mahali pamoja. Binti yule yule, katika ubeti mwingine, aliandika:

Nyumba nikiikumbuka, lava imeikalia.

Hapa sarufi na pumzi hazina ugomvi. Mwalimu wa lugha anataka virgili pale, na mwimbaji anaitaka pale pale. Mistari kama hii ndiyo inayokaa katika kichwa. Lakini mtunzi hawezi kuipata kila mara, na pale ambapo lazima mmoja apishe, katika shairi la kuimbwa sarufi ndiyo inayopisha.

Wako pia watunzi waliokataa yote. Mfaransa Guillaume Apollinaire, kitabu chake Alcools kilipokuwa karibu kuchapwa mwaka 1913, aliondoa alama zote za kituo, virgili na nukta pia, akisema mdundo wenyewe na kukatika kwa mistari vinatosha. Kwa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata mizani wala vina, na kelele ilikuwa kubwa: wazee wa sheria walisema hayo si mashairi. Mimi nawasoma wote wawili kwa furaha. Hata hawa hawakuitupa pumzi. Pale walipoacha virgili walikata mstari, na jicho linaposhuka mstari wa chini, kifua kinapata nafasi yake. Asiyetaka virgili atafute kitu kingine cha kufanya kazi ile.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita tate, alikuwa na wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Kikumu. Alitubembeleza nao wote, mimi na wadogo zangu. Nilipokuwa ISP, nikiwa kijana na kiburi cha shule, nilikaa naye jioni mbili nikauandika katika kaye, mistari 14. Nikaupanga vizuri, na virgili nikaweka kila mahali ambapo sarufi iliniambia. Nilijiona nimeokoa kitu.

Miaka michache baadaye tate akafa. Wakati wa matanga waliniomba niusome ule wimbo, kwa sababu mimi ndiye niliyeuandika. Nilisimama, nikasoma. Watu walisikiliza kwa heshima. Nilipokaa, shangazi yangu akaniinamia, akasema: «Maneno ni ya mama, lakini sauti haiko yake. Wapi pale alikuwa anamupiga mutoto mugongo?»

Wakati ule nilidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Nilielewa miaka mingi nyuma, siku ya kaye ya binti yule. Tate alikuwa anasimama katikati ya neno lake, mara nyingine kabla ya kusema jina la mtoto, na katika kimya kile mkono wake ulikuwa unapiga mgongo polepole, mara mbili. Usingizi ulikuwa unaingilia pale. Mimi niliandika maneno yote, na ule mkono nikauacha nje. Virgili zangu zilikuwa safi mbele ya mwalimu yeyote wa Kifaransa, na hakuna mtoto ambaye angelala kwazo.

Baada ya hapo nilichukua kaye ile ya zamani nikaenda kwa shangazi. Yeye hasomi. Nikamwomba aimbe, nami nikawa na krayo mkononi. Kila aliposimama niliweka alama ndogo. Tulirudia mara nne. Kati ya virgili zangu za zamani, chache sana ndizo zilibaki mahali pake. Katika mistari miwili shangazi mwenyewe hakuwa na hakika; mara moja alisimama hapa, mara nyingine pale, akacheka, akasema: «Ule ni mama peke yake alikuwa anajua.» Mistari hiyo miwili nimeiacha bila alama. Sitaijaza kwa akili yangu.

Ndugu wasomaji, wengi kati yetu katika ushirika huu tuna kaye kama ile. Tumeandika methali, hadithi, nyimbo za arusi na za kilimo, maneno ya wazee. Ni kazi nzuri. Lakini nawaomba mambo matatu. Kwanza, unapoandika wimbo wa mzee, usiweke virgili siku ile ile. Sikiliza mara mbili ao tatu, utazame kifua chake na mikono yake. Pili, ikiwa una simu, chukua sauti, hata kama ni mbaya, kwa sababu sauti mbaya itakufundisha mahali pa kusimama kuliko maandishi mazuri. Tatu, ukiisha kuandika, msomee mwenyewe ao mtu wa nyumba yake angali hai, umuulize swali moja tu: napumua mahali pako?

Binti yule alisema shairi lake siku ya utamaduni, virgili zake zote zikiwemo. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa pili, mtoto magotini. Walipofika kwenye «Mama yetu alibeba», alinyamaza kidogo zaidi kuliko darasani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Kaye yake ilikuwa imebaki kwangu, na pembeni bado mnasomeka maneno yangu ya kalamu nyekundu. Sikuyafuta. Nawaonyesha wanafunzi wapya kila mwaka, ili wajue kwamba hata mwalimu anasahihishwa.